Aliyetumwa Benchini: Maisha ya Muuguzi Ghati Mniko

Baba Paroko, viongozi wa hospitali mliokaa mstari wa mbele, viongozi wa serikali ya kijiji, wanajumuiya mliotoka Bweri na ndugu wote mliofika hapa Butiama leo Jumamosi, tarehe 7 Machi 2026, mimi naitwa Bhoke Mniko, ni fundi cherehani mjini Musoma, ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake. Karatasi niliyokabidhiwa na kamati ya mazishi ina ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, tarehe zake zote ni za kweli, na mwishoni inasema dada yangu aliugua ghafla. Karatasi hiyo ninayo hapa mkononi na sitaisoma, nimeandika yangu kwa kalamu, ni ndefu, mtanivumilia. Ghati hakuugua ghafla. Aliugua kwa miaka kumi na mbili sisi sote tukimwangalia, na sababu ya kuyasema haya leo badala ya kuyameza ni binti yake wa kwanza, Flora, yule pale pembeni ya bibi yake, kwa kuwa jana nimeona kwa macho yangu kwamba mnajiandaa kumvika kazi ileile iliyommaliza mama yake, na mimi nikiwa hai nasema hapana.

Ghati alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978 hapahapa Butiama, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mniko, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka upande wa Tarime, na mama yetu Pelagia, binti wa wavuvi wa Kisorya. Kwa hiyo alipoanza kusema, alisema Kikuria na baba, Kijita na mama, Kizanaki na watoto wa majirani tuliochunga nao, na Kiswahili alikikuta shuleni, tofauti na mama yetu ambaye mpaka leo Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununua chumvi. Sisi wengine tulizichanganya lugha hizo zote kwenye sentensi moja, Ghati alizitenganisha, akikaa na wazee wa Kikuria ungedhani hajawahi kuliona ziwa, akienda Kisorya likizo bibi zetu walisahau kwamba ana baba wa kutoka bara. Baba alikuwa akimwita mbele ya wageni awasalimie kila mmoja kwa lugha yake, wageni wanacheka, yeye anacheka, na sisi wadogo tulimwonea wivu kabisa kwa sababu hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari mjini Musoma mwaka 1993 hadi 1996, na mwaka 1997 alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu Novemba 2000. Chuoni alifundishwa kufunga kidonda, kupokea mtoto, kupima dawa, kumwosha aliyefariki kwa heshima na kumfunika, na aliniambia mwenyewe kwamba katika miaka yote hiyo hakukuwa na somo hata la nusu saa la kumwambia muuguzi afanye nini na yale anayoyaona, akifika nayo nyumbani ayaweke wapi. Nimeuliza, nimeambiwa siku hizi somo hilo lipo. Nimefurahi, lakini somo likiwa kwenye daftari na wodini hakuna anayeliuliza, mimi sioni tofauti.

Tarehe 2 Aprili 2001 aliajiriwa kwenye zahanati moja kandokando ya ziwa upande wa Kisorya, na miaka ile mitano ndiyo iliyokuwa miaka yake ya raha, alipokea watoto wa watu wa mtumbwini na wa nchi kavu, baadhi yao wamekuja leo wakiwa na ndevu. Ni huko ndiko alikokutana na shemeji yangu Baltazar Burito, mwana wa Butiama hii hii, fundi friji, aliyeitwa kutengeneza friji ya chanjo ya zahanati, akakaa siku tatu kwa kazi ya nusu siku, akarudi mwezi uliofuata kuikagua, na mwezi mwingine tena, mpaka mganga wa zahanati akamuuliza kama friji ndiyo inaumwa au ni fundi. Ndoa yao ilifungwa Jumamosi tarehe 20 Desemba 2003 katika kanisa mjini Bunda, nguo ya bibi harusi niliishona mimi na mkono wa kushoto ulinishinda, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Flora, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2004, ambaye sasa yupo mwaka wa tatu wa chuo cha uuguzi, na Lameck, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2008, ambaye yupo kidato cha sita. Julai 2006 alihamishiwa hospitali moja ya Bunda, na Februari 2012 akahamia hospitali ya mjini Musoma ambayo sitaitaja kwa jina, kwanza kwa sababu Baltazar amenisihi, na pili kwa sababu viongozi wake nimeshawasalimu hapo mbele.

Sasa nasimulia lile ambalo kwenye karatasi ya kamati halimo. Asubuhi ya Jumatano tarehe 17 Julai 2013, kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi alikuwa amekaa bibi mmoja wa kutoka kandokando ya ziwa na chupa ya uji wa binti yake, na binti huyo alikuwa amekwisha kufariki tangu alfajiri. Daktari wa zamu, kijana wa watu aliyetoka mkoa mwingine, alikuwa ameshamweleza kwa Kiswahili cha hospitali, kizazi kimefanya hivi, damu imefanya vile, bibi akaitikia kwa kichwa kwa adabu, namna wazee wetu wanavyomwitikia daktari, kisha akaendelea kukaa na uji wake akisubiri kuitwa. Ghati alipita hapo saa nne, akaiona ile chupa, akauliza ndani, akaelewa. Akakaa chini sakafuni, akamshika yule bibi miguu, akamwambia kwa Kijita kwamba mtoto wake ameondoka. Bibi alilia kifuani kwake mpaka saa sita, na hakuna aliyemtuma Ghati siku hiyo, alifanya kwa utu wake tu, na kama lipo kosa alilolifanya dada yangu katika kazi yake, kosa ni hilo, alifanya jambo jema mbele ya watu waliokuwa wanatafuta wa kumtwisha.

Wiki iliyofuata akaitwa tena, mzee wa Kikuria wodi ya wanaume. Baada ya hapo, familia ya Kizanaki, mtoto, wodi ya watoto. Ndani ya mwaka mmoja ikawa ndiyo taratibu ya hospitali nzima ingawa haikuandikwa popote, mgonjwa akifariki na ndugu zake wakiwa ni watu wa vijijini, daktari anamaliza kuandika faili, anasema, "Mwiteni Ghati, ana lugha." Aliitwa akiwa anakula, aliitwa akiwa katikati ya kumzalisha mtu, alitumiwa bodaboda nyumbani Bweri siku zake za mapumziko. Daktari aliyempasua mgonjwa alibaki ndani, muuguzi aliyemhudumia usiku kucha alibaki ndani, na yeye ambaye pengine hajawahi kumwona mgonjwa huyo akiwa hai ndiye aliyetoka kwenda benchini, kuulizwa alikufaje, alisema nini, mbona jana alikula. Niwaambie ukweli, hakuna kazi mbaya zaidi ya kujibu maswali ya kifo ambacho hukuwepo. Agosti 2017 mwanamume mmoja aliyefiwa na mke alimpiga kofi, Ghati akarudi wodini akagawa dawa za saa nane shavu likiwa limevimba, na kesho yake aliandikiwa barua atoe maelezo kwa nini ndugu wa marehemu walifanya fujo.

Mnaosema alikuwa na roho ngumu, hamkuishi naye. Mimi nilikaa naye Bweri miezi minane mwaka 2018 wakati chumba changu cha mjini kinajengwa upya, nikayaona. Alikuwa akifika kutoka kazini haingii ndani, anapitia bombani nyuma ya nyumba, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, ananawa tena, watoto wameshajua kwamba mama hasalimiwi mpaka amalize. Majina yote aliyakumbuka. Mko mnakula, anasimamisha tonge, anasema, "Leo ni wiki tatu tangu yule mama wa mapacha," halafu anaendelea kula, na sisi tunatazamana, tunabadilisha mazungumzo kwa sababu tunaogopa, na kwa kuogopa kwetu tukamwacha peke yake mezani akiwa amezungukwa na watu wanne.

Mji wa Musoma siyo mkubwa, na watu hawamsahau aliyewapa habari mbaya. Sokoni mwanamke mmoja muuza furu, ambaye Ghati ndiye aliyemweleza kifo cha mdogo wake, alikuwa akimwona anakuja anafunika ungo kwa kiroba na kusema, "Mama, leo samaki hakuna," na samaki mikia yao inaonekana. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa hawezi tu kuutazama ule uso. Siku moja mwaka 2020 Ghati alikwenda kumrudishia jirani yake Marieta sufuria aliyokuwa ameazima, na mtoto wa Marieta alikuwa amelazwa kwa malaria, basi Marieta alipoona Ghati anafungua geti akiwa na vazi la kazi, alianguka pale pale uani akipiga mayowe, majirani wakajaa, kumbe mtoto anaendelea vizuri na jioni ile aliruhusiwa. Marieta upo hapa, unisamehe kwa kulisema, najua limekuuma miaka yote. Tangu siku hiyo dada yangu akienda kwa mtu yeyote alikuwa anapaza sauti tangu barabarani, kabla hajafika getini, "Nimekuja kusalimia tu! Ni salamu tu jamani!" Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwanajumuiya, anapiga kelele barabarani ili watu wasiogope kumwona. Watoto wa mtaani waligeuza hilo kuwa mchezo wao, wakimwona wanamwigiza, naye alicheka nao, na mimi nilikuwa nikitamani kuwachapa.

Mwajiri alifanya nini, nitasema kwa haki. Tarehe 12 Mei 2022, Siku ya Wauguzi, alipewa cheti cha utumishi uliotukuka kwa kuwa katika miaka mitatu mfululizo alikuwa hajamaliza likizo hata moja, watu wakapiga makofi, kana kwamba mtu kukosa mapumziko miaka mitatu ni sifa yake na siyo aibu ya aliyepanga zamu. Tarehe 20 Septemba 2023 wakaandaliwa semina ya siku moja kuhusu msongo wa mawazo na afya ya akili kwa watumishi, ukumbi ulipambwa, kila mmoja akapewa daftari, kalamu na maji ya chupa, wakasaini mahudhurio. Mkufunzi akawaambia wafumbe macho, wavute pumzi taratibu, wafikirie mahali wanapopapenda. Ghati aliniambia alifikiria gati la Kisorya, kivuko kinaondoka kwenda Ukerewe na yeye ni mdogo ameshika mkono wa bibi, na hapo hapo akahisi bega lake linaguswa, amefumbua macho, ni mhudumu ametumwa, kuna ndugu wa marehemu wapo benchini, wa Kikuria. Akatoka kwenye semina ya msongo wa mawazo akaenda kumwambia baba mmoja kwamba mwanawe amekufa, aliporudi wenzake walikuwa wanapiga picha ya pamoja, na kwenye picha hiyo yumo, amesimama mwishoni kulia, ndiyo picha mliyoiweka hapo juu ya jeneza kwa sababu ametoka vizuri.

Sitamaliza kwa mwajiri nikatuacha sisi. Krismasi ya mwaka huohuo wa 2023 tulikuwa hapa Butiama wote, kwenye uwanja huuhuu, na baada ya chakula Ghati alisema mbele ya ukoo kwamba amechoka kuwaambia watu, anataka kuomba ahamishiwe kliniki ya watoto, achome chanjo, apime uzito, aone watoto wazima na mama zao. Baba yetu mdogo, Mzee Mugeta, akamwambia, "Wewe ni binti wa Mniko, jikaze, sisi hatunaga watu wa kulialia." Watu wakaitikia. Na mimi, mimi ninayewasomea haya kwa ukali, nilicheka nikasema, "Sasa dada ukitoka wewe watamtafuta nani, si wewe ndiyo unajuaga lugha zote?" Wakacheka wote, naye akacheka, akainuka akaenda kuosha vyombo. Nimekaa na kicheko changu hicho tangu Alhamisi na hakinishuki, sijui nitakifanya nini.

Hata hivyo barua aliiandika, tarehe 15 Januari 2024, na nakala yake tumeikuta kabatini pamoja na jibu lililokuja mwezi wa tano, lenye mistari minne, kwamba maombi yake yamepokelewa, kwamba huduma yake bado inahitajika sana mahali alipo, na kwamba anashauriwa kuendelea kuwa mvumilivu. Juni mwaka huo alipimwa akakutwa na presha ya juu. Usingizi ulikuwa umeshampotea, mikono ilianza kutetemeka, kwaya aliacha, akawa anakaa kanisani benchi la nyuma karibu na mlango, na kliniki yake ya presha ilipangwa Jumanne, siku ambayo mara nyingi kuliko zote alikuwa zamu, hivyo yeye anayewapima wengine alikuwa anapimwa kwa kuibia. Baltazar, na katika hili nakupa heshima yako shemeji, hakumwambia ajikaze, Oktoba 2024 alimpandisha basi akampeleka Mwanza kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, wakakaa naye saa nzima. Wakati wa kurudi Ghati alinipigia simu akiwa stendi ya Bunda, sauti yake ni nyingine kabisa, akasema, "Bhoke, kuna mtu ameniuliza mimi ninajisikiaje, halafu akanyamaza ananisubiri." Aliambiwa arudi kila baada ya wiki mbili. Alirudi mara moja tu, maana ruhusa nyingine ilipoombwa aliulizwa anaumwa nini, akasema ni moyo, akaulizwa vipimo viko wapi.

Jumanne tarehe 3 Machi 2026, saa nne asubuhi, alikwenda benchini kuongea na familia moja iliyotoka pande za Bunda, akaenda kwenye sinki kunawa kama kawaida yake, na wenzake walisikia maji yanaendelea kutiririka muda mrefu, walipokwenda kuangalia wakamkuta yuko chini, upande wa kulia umelegea, ni kiharusi. Alilazwa kwenye hospitali yake mwenyewe, madaktari na wauguzi walimpigania siku mbili bila kukaa, hilo nililiona na sitalificha, na Alhamisi tarehe 5 Machi 2026 saa tisa alasiri alifariki dunia, akiwa amebakiza siku tisa kutimiza miaka arobaini na minane.

Tulikuwa kwenye benchi, mama yetu Pelagia, Baltazar, Flora na mimi. Daktari alitoka, ni mtu mzima, amefanya kazi na Ghati miaka mingi, akamwangalia mama, akajua kwamba huyu ni bibi wa Kijita na Kiswahili hakimtoshi, akageuka nyuma kwa muuguzi aliyemfuata, na kwa mazoea, simlaumu, ni mazoea tu, akasema, "Mwiteni Ghati."

Muuguzi yule alijishika mdomo, daktari mwenyewe akaufunika uso wake kwa lile faili, na hapo mimi na Baltazar tukawa tumeshaelewa, lakini mama bado alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Na daktari, alipojikusanya, akamtazama Flora, akamuuliza kwa upole kama anajua Kijita. Flora akainuka, akapiga magoti, akamshika bibi yake miguu, akamwambia. Mtoto wa miaka ishirini na moja, dakika ileile aliyofiwa na mama yake, akapewa kazi ya mama yake, na sisi watu wazima wote tulisimama tukamwacha aifanye, na mimi nikiwa wa kwanza.

Ningenyamaza kama ingeishia hapo, ningesema ni siku mbaya. Lakini jana alasiri, kwenye kikao cha ukoo hapa hapa, Mzee Mugeta alisimama akatangaza kwamba Flora ndiye atakayechukua nafasi ya Ghati, mkapiga makofi, na mgeni mmoja kutoka hospitali, ambaye naamini alikusudia kutufariji, akasema wakimaliza taratibu nafasi ya binti itakuwa inamsubiri pale pale, hasa kwa vile naye ana lugha. Makofi yakaongezeka. Nikamtazama Flora, alikuwa ameinamisha kichwa anaitikia, kwa adabu, na nikaona mikono yake anaisugua kwenye kitenge, kama mtu anayenawa. Basi nikaenda nikaomba karatasi na kalamu.

Kwa hiyo nawaambia viongozi wa hospitali, kwa heshima zote na mbele ya jeneza hili. Flora akitaka kuwa muuguzi awe, kazi ya uuguzi ni kazi njema na dada yangu aliipenda mpaka mwisho, siyo uuguzi uliomuua. Lakini hatakuja kwenye hospitali yenu kabla hamjabadilika, nimeongea na baba yake leo asubuhi na amekubali. Aliyemtibu marehemu ndiye atoke akaseme na ndugu, na mwenye lugha awe pembeni yake kumsaidia, wasimwache peke yake. Wenye lugha wako wengi humo ndani, wafagiaji wenu wanajua Kijita, walinzi wenu wanajua Kikuria, wafundisheni, wapokezane. Aliyetoka benchini asirudishwe kwenye sindano siku hiyohiyo, apewe chumba, apewe mtu wa kukaa naye, na akisema nimechoka aaminiwe bila kuulizwa vipimo. Na yule anayejua kuvumilia zaidi ya wenzake, msimpe cheti, mpeni likizo.

Na nyie ndugu zangu wa ukoo wa Mniko, nawasihi neno jikaze tulizike leo pamoja naye. Baba mdogo Mugeta, nakuheshimu, wewe ndiye uliyetulea baada ya baba, nikimaliza nitakuja kukupigia magoti kwa kukusema mbele za watu, lakini sitakuja kukana nilichokisema.

Baltazar na watoto wanawashukuru madaktari na wauguzi waliokuwa zamu kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, muuguzi aliyekaa chini sakafuni na mama yetu mpaka magharibi baada ya Flora kuishiwa maneno, majirani wa Bweri waliofunga nyumba zao wakaja na masufuria yao, Marieta aliyefua nguo zote za marehemu kwa mikono yake, wanajumuiya, wafanyakazi wenzake waliokodi gari kutoka Musoma wakiwa wametoka zamu bila kulala, na yule mtaalamu wa Mwanza ambaye jina lake sikulipata, aliyempa dada yangu saa mbili za kusikilizwa katika miaka kumi na mbili.

Nimebakiza jambo moja. Tangu Alhamisi saa tisa alasiri Flora hajadondosha chozi. Amepokea wageni, amegawa chai, amemlisha bibi yake, amemtafutia mdogo wake shati jeusi, na nimewasikia, akina mama jikoni na wazee huku mbele, mkisema huyu mtoto ana moyo, huyu ni mama yake mtupu. Acheni. Msimsifu kwa hilo tena hata mara moja. Flora mwanangu, mwachie mtu mwingine bibi amshike, inuka, njoo hapa kwa mama yako mdogo ulie, kwa sauti yoyote unayotaka, Baba Paroko atasubiri, kaburi litasubiri, watu wote hawa watasubiri. Na wewe Ghati, dada yangu, pumzika kwa amani, mtoto ninaye mimi.